Mtutu Uliopungua Vidole Vitatu

Ncha ya mfuko ilikuwa imelala.

Nawar aliiona kabla hajavuka kizingiti. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nne, mwaka 2004, saa kumi na dakika arobaini za alasiri. Alisimama mlangoni kwa binamu yake Jaifar, huko Azaiba, mkononi ameshika mkanda wa begani aliokuwa ametoka kuushona. Bunduki ya Jaifar ililazwa juu ya kabati fupi, ndani ya mfuko wa turubai ya kijani. Mfuko ule aliushona Nawar mwenyewe. Jana yake, saa nne asubuhi, aliivisha bunduki kwa mikono yake, mfuko ukakaa kama soksi mguuni. Sasa upande wa mdomo wa mtutu kulikuwa na kitambaa kitupu kilichojikunja, upana wa vidole vitatu.

Aliya, mke wa Jaifar, alipokea mkanda akashukuru, akamwuliza wifi yake kama atakunywa chai. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Nawar aliitazama ile ncha mara ya pili, akasema ana kazi nyumbani, akaondoka.

Hakuna aliyeshangaa kwamba hakusema zaidi. Nawar alikuwa mtu wa maneno machache. Aliletwa Maskati kutoka Unguja akiwa na miaka kumi, akawekwa shule, na darasa la nne akaiacha, kwa kuwa masomo yote yalikuwa kwa Kiarabu naye alikuwa akikisikia kama kelele za jirani. Tangu hapo alikaa Sib kwa shangazi yake, Bi Masouda, akishona. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Asubuhi iliyofuata, kile alichokinyamazia kilitangazwa kwa kipaza sauti.

Mashindano yalikuwa ya shabaha ya karibu, kwenye kiwanja kilichokuwa bondeni nyuma ya Sib. Mpigaji husimama mita ishirini na tano mbele ya sahani tano za chuma zilizopangwa mbalimbali, akaziangusha zote kwa bunduki ndogo ya risasi nyembamba. Anayemaliza kwa muda mfupi ndiye mshindi. Kabla ya kupiga, kila bunduki hupimwa. Msimamizi alikuwa Mzee Hamoud, askari polisi mstaafu, mtu wa miwani minene na daftari.

Saa mbili na robo asubuhi Mzee Hamoud aliingiza fimbo ya kupimia kwenye mtutu wa Jaifar. Akaitoa, akaitazama, akaiingiza tena.

"Inchi kumi na nne na nusu," alisema. "Kanuni yetu inataka kumi na sita, isipungue. Na karatasi yako inasema kumi na sita na nusu. Bunduki hii haipigi leo, Jaifar. Na mimi nalazimika kuiandikia ripoti."

Kwenye mdomo wa mtutu kulikuwa na utando mweupe, mgumu. Mzee Hamoud aliugusa kwa kidole gumba, akadhani ni sabuni au nta. Alipokwisha kuandika jina, jua lilikuwa limeshaupata mtutu. Weupe ulikuwa umetoweka na kidole chake kinang'aa. Akakifuta kwenye leso.

Suud, kaka yake Jaifar, bingwa wa miaka mitatu, alikuwa amekaa karibu, bunduki yake ndefu magotini. Kwa wiki nyingi alikuwa akimtania mdogo wake kwamba amenunua bunduki ya kuulia panya wa ghalani. Sasa hakucheka. Wengine walicheka.

Aliyesimama kusema alikuwa Mzee Marhoon, mwenye karakana ya bunduki ya Wadi Kabir, ambako mtutu ule ulitengenezwa. Alisema polepole, kama mtu anayesikitika, kwamba yeye alimshauri kijana achukue inchi ishirini na nne, lakini kijana akamsikiliza mtu wa mashine. Mkenya amekosea kipimo. Jumamosi atamfutia viza.

Mkenya huyo, Cornelius, alikuwa amesimama pembeni na fulana yake safi ya siku ya mashindano. Ametoka Eldoreti miaka minne nyuma, na watoto wake watatu wanasomeshwa na mikono yake. Aliyerudishwa kwao na ripoti ya kuharibu bunduki ya mtu hapati tena viza ya kurudi.

"Nilipima mara tatu, arbabu," alimwambia tajiri wake. "Hiyo mtutu ilitoka kwangu ikiwa kumi na sita na nusu."

Kwenye hema la jamaa Nawar alisikia kila neno, akayatazama magoti yake. Jaifar aliutupa mfuko wa kijani chini, akaondoka. Bi Masouda akauokota, kwa sababu turubai nzuri haitupwi.

Habari ya urefu wa mtutu ilikuwa na mwanzo wake, na ukoo mzima uliijua, kwa kuwa Jaifar aliisimulia kila alipokaa. Miezi miwili nyuma alikwenda Wadi Kabir kuulizia bunduki ya mashindano haya. Mzee Marhoon, aliyetoka Pemba kijana na ufundi wake mkononi, ndiye aliyekuwa akiulizwa mambo hayo na watu wa Sib na Azaiba kwa miaka thelathini. Alikaa nyuma ya meza yake, yenye mtoto wa meza anayefungwa kwa ufunguo wa shingoni, humo ndani zimo tupa zake za mkono. Alisema kwamba mtutu mrefu ndio mtutu. Shabaha haipatikani kwa bomba la baiskeli.

Jaifar, kwa ujana, akageuka akamwuliza na Cornelius, aliyekuwa kwenye mashine ya kukereza. Cornelius kwanza akauliza yeye. Sahani ziko mbali gani? Moja na nyingine zimeachana hatua ngapi? Utatazama kwa darubini au kwa jicho tupu? Alipojibiwa, alichukua kipande cha chaki akachora sakafuni. Risasi hii ni ndogo, alisema, na moto wake unakwisha kuisukuma ndani ya inchi kumi na sita hivi. Zaidi ya hapo inasugua chuma tu. Mtutu mrefu unamfaa mwenye kutazama kwa jicho tupu, kwa sababu alama mbili za kulengea zikiachana kosa linaonekana. Wewe una darubini. Kwa mita ishirini na tano, inchi nane za ziada ni uzito puani mwa bunduki. Ukitaka kuhama kutoka sahani ya kwanza kwenda ya pili, pua inachelewa kuondoka na ikifika inachelewa kusimama. Kitu cha kuangalia si urefu, ni mdomo wa mtutu. Ukiwa na jeraha dogo, risasi inakwenda inakotaka.

Jaifar akachagua kumi na sita na nusu, mbele ya uso wa Mzee Marhoon. Bunduki ilipojaribiwa, ikasifiwa mpaka Barka. Tangu hapo wateja walipoingia karakanani waliuliza kama Cornelius yupo, kisha ndipo wakatoa salamu.

Ijumaa asubuhi, nyumbani Sib, Nawar aliugeuza mfuko ndani nje. Kwenye ncha palikuwa na doa la mafuta. Alilinusa. Mafuta ya bunduki hunuka petroli. Haya yalinuka nazi. Akakumbuka ule weupe ambao wanaume waliuita sabuni. Chupa yake mwenyewe ya mafuta ya nywele, akiiacha chumba chenye kiyoyozi, asubuhi huikuta imeganda nyeupe kama mshumaa, na juani huwa maji. Akanusa tena. Nyuma ya nazi kulikuwa na harufu nyingine, kali kidogo. Karafuu.

Kisha alitoa uzi. Bi Masouda alimfundisha kushona kwa uzi wa kipimo. Kila kitu kinacholetwa, iwe mtu au mto, hupimwa kwa uzi wenye mafundo, na uzi huhifadhiwa, ili mwenyewe akirudi asisumbuliwe tena. Nyuzi za wateja zilikaa kwenye kopo la maziwa juu ya cherehani. Uzi wa bunduki ya Jaifar haukuwamo. Nawar aliutoa ndani ya mkunjo wa kanga yake ya kusalia, na shangazi yake aliona ulikotoka, akageuza uso.

"Shangazi," Nawar alisema, "nataka kwenda kwa Mzee Hamoud. Nenda na mimi. Mimi sitaweza kusema."

"Utasema. Mimi ntakaa tu."

Mzee Hamoud aliwapokea saa nane na nusu, baada ya sala ya Ijumaa, nyumbani kwake karibu na soko la Sib. Bunduki ilikuwa kwake mpaka ripoti ipelekwe. Nawar alilaza uzi juu ya busati ubavuni mwa bunduki: fundo la kwanza kitakoni, la pili kwenye kifyatulio, la tatu lilipaswa kuwa mdomoni. Lilipita mdomo. Mzee Hamoud aliweka vidole vyake kwenye mwanya, vikaenea vitatu.

"Uzi ni uzi, binti. Hata leo unaweza kuufunga."

Kwa sauti iliyomfanya mzee ainame kusikia, Nawar alieleza kwamba alipima Jumatatu jioni, akaushona mfuko usiku ule, na Jumanne saa nne asubuhi akaivisha bunduki mbele ya Jaifar, na mfuko ulikuwa unabana hata Jaifar akausukuma kwa goti. Mzee Hamoud akapiga simu Azaiba. Jaifar akakubali. Ndiyo, ulibana. Ndiyo, kwa goti.

Mzee alikata simu.

"Basi Mkenya hakukosea kipimo," alisema. "Jumanne saa nne ulikuwa mzima. Umekatwa baadaye." Alivaa miwani yake minene akautazama mdomo wa mtutu, kisha akampa Nawar naye atazame. Ulikuwa safi, mviringo wake hauna kasoro. Lakini kwenye chuma kulikuwa na mistari myembamba sana, iliyonyooka, imelala pamoja kama nywele zilizochanwa. "Mashine ya kukereza huacha miduara. Huu umepigwa tupa kwa mkono."

Akaandika daftarini safari ya bunduki, kama Jaifar alivyomweleza kwenye simu. Jumanne saa kumi na nusu alasiri, Jaifar aliipeleka Wadi Kabir darubini yake irekebishwe. Saa kumi na mbili Cornelius alimaliza, ikawekwa kabatini. Jumatano saa sita na dakika kumi mchana, Suud aliichukua kwa niaba ya mdogo wake. Saa saba kasoro dakika kumi alimkabidhi Aliya. Alhamisi asubuhi, kiwanjani.

Saa kumi na moja na robo yeye na wanawake hao wawili walikuwa Azaiba. Suud aliulizwa kwanza, sebuleni, mbele ya mdogo wake.

"Ulimwonea wivu?"

"Nlimwonea," Suud alisema. "Nani asingemwonea? Miaka mitatu nimekula jua na bunduki ya babu, yeye kaja na kijiti chake, kwenye mazoezi kanizidi sekunde mbili. Jana nimechukua kikombe changu cha nne nikakiweka chini ya kiti cha gari. Mke wangu hajakiona bado."

"Mwanzo mpaka mwisho ulikuwa na bunduki dakika arobaini."

"Na njia ya Wadi Kabir mpaka hapa, mchana, nusu saa na ushee. Hayo mengine nlisimama kununua mkate."

Mzee Hamoud aliandika. Kukata chuma kile na kukisugua mpaka kung'ae ni kazi ya saa nzima, tena bunduki iwe imebanwa kwenye jiliwa. Hakuna anayebeba jiliwa garini.

Aliya alikuwa na muda zaidi, na alikuwa na maneno. Ukoo mzima ulimsikia akiiita bunduki mke mwenza. Mbele ya wageni wa Idi alisema kwamba siku moja ataukata mtutu ule aufanye mchi wa kutwangia vitunguu thaumu. Mzee alipomkumbusha, alikaa kitako akatabasamu bila furaha.

"Nilisema, na ningesema tena. Kila jioni yuko na hicho chuma. Lakini mie, Mzee Hamoud, kopo la nyanya hunishinda kulifungua."

Njiani Nawar alikuwa amemwambia habari ya doa la nazi na karafuu, basi mzee aliomba aletewe mafuta yote yaliyomo nyumbani, ya jikoni na ya nywele. Yalipangwa juu ya meza. Nawar alinusa chupa moja baada ya nyingine. Kulikuwa na chupa moja ya mafuta ya nazi, mpya, ya dukani. Akainusa mara mbili, halafu ya tatu, na uso ukamwaka, kwa sababu alijua kwamba alikuwa anataka iwe na karafuu. Haikuwa nayo.

"Toka saa saba mpaka usiku nani aliingia chumba kile?" mzee aliuliza.

"Hakuna," Aliya alisema. Kisha akakumbuka. "Wifi yangu Nawar. Alileta mkanda."

Wote wakamtazama. Mzee Hamoud alinyanyua kalamu.

"Uliona lolote, binti?"

"Sikutazama," Nawar alisema.

Kalamu ikaandika.

Usiku Nawar hakulala vizuri. Zilibaki saa chache tu, na Cornelius alikuwa ameshafunga sanduku. Alfajiri alimwambia shangazi yake kwamba kwa Mzee Marhoon kuna kitu anataka kukinusa. Bi Masouda alimwangalia, akaenda kuvaa baibui.

Karakana ya Wadi Kabir ilifunguliwa saa mbili asubuhi, Jumamosi. Walipofika saa mbili na nusu, Mzee Hamoud, Jaifar na wanawake wawili nyuma yao, Mzee Marhoon alikuwa mezani na pasipoti ya Cornelius mbele yake. Saa nne angekwenda nayo idara ya uhamiaji. Cornelius alikuwa anafagia chuma chini ya mashine. Hakuna aliyemwambia afagie.

Mzee Marhoon aliagiza kahawa. Mzee Hamoud hakuigusa. Alieleza habari ya uzi na mfuko, kwa ufupi, akamtazama.

"Mfuko," Mzee Marhoon alisema taratibu. Kwa mara ya kwanza alimtazama Nawar. "Sikujua kama kuna mfuko wa kipimo."

"Ulidhani ni wa dukani?" Mzee Hamoud aliuliza.

"Nimesema sikujua." Alizungusha kikombe. "Basi kama si kosa la kupima, Mkenya kauharibu kusudi. Jumanne jioni alikuwa peke yake humu. Mimi nilikwenda kusali Magharibi."

"Kwa nini nikate kazi yangu mwenyewe?" Cornelius aliuliza, ufagio mkononi. "Hiyo bunduki ndio ilikuwa inaniletea watu."

Mzee Hamoud alimwuliza Jumatano asubuhi alikuwa wapi. Kituo cha afya, kupimwa damu kwa ajili ya kadi ya ukaazi. Tangu saa moja na nusu mpaka saa tano na nusu, na muhuri upo. Na ufunguo wa kabati? Kwa arbabu. Mzee Marhoon akasema kweli, ufunguo ni wake, lakini Jumanne kabati lilikuwa wazi mpaka Magharibi, na mtu anayetaka kukata hahitaji asubuhi nzima.

Hapo Nawar alimgusa shangazi yake kiwiko. Bi Masouda hakugeuka. Nawar alisubiri, kisha akasogea mwenyewe, akamnong'oneza Mzee Hamoud sikioni. Mzee alisikiliza akaitikia kwa kichwa. Akaitoa bunduki, akaiweka mbele ya Mzee Marhoon, mdomo wa mtutu ukimwelekea yeye Marhoon.

"Wewe ndiye mjuzi. Hebu tazama mkato huu. Kazi nzuri au mbaya?"

Mzee Marhoon hakutaka kutazama, kisha akatazama, na alipokwisha kutazama hakuweza kuacha.

"Nzuri," alisema.

"Ya mashine?"

"Ya mkono."

"Cornelius anaweza?"

Mzee Marhoon alicheka, kicheko kifupi cha kweli. "Huyu? Mtoe kwenye mashine yake, mpe tupa, hawezi kunyoosha msumari. Hawa wa siku hizi wanabonyeza, Hamoud. Hawana mkono."

"Labda aliazima tupa zako akajaribu."

"Tupa zangu?" Uso wa mzee ulibadilika kama aliyetukanwa. "Tupa zangu hazijaguswa na mtu tangu nilipozitoa Pemba. Ufunguo huu haujatoka shingoni mwangu hata nikioga. Hakuna mkono mwingine..."

Kikombe kilikuwa hewani, nacho kikabaki hewani.

"Fungua mtoto wa meza," Mzee Hamoud alisema.

Ilichukua muda. Ufunguo ulitoka chini ya kanzu, ukageuzwa. Ndani kulikuwa na tupa saba zimelala kwenye kitambaa, kila moja na nafasi yake, na kwenye kona chupa ndogo ya mafuta. Kitakoni mwa chupa kulikuwa na punje nyeusi kiasi cha kumi. Mzee Hamoud aliifungua akanusa, kisha Nawar akamkunjulia ncha ya mfuko wa kijani, akanusa na hiyo. Akampa Jaifar. Jaifar akanusa, akaweka mfuko mezani polepole.

"Mama yangu alikuwa akitia karafuu," Mzee Marhoon alisema, "yasichache. Na tupa ikipakwa nazi haikwaruzi." Alizungumza kama anayefundisha. "Nilidhani nitamaliza kwa nusu saa. Mtutu wa kosa la kipimo lazima uwe na mdomo safi, ama sivyo mtajua umekatwa. Nikaukata. Nikaanza kusugua. Ulipokuwa safi wa kutosha sikuridhika. Nilikaa saa mbili na mdomo ule. Nikaupaka mafuta usishike kutu." Alitazama mikono yake. "Usishike kutu, na mimi nimekwisha kuuharibu."

"Kwa nini, Mzee?" Jaifar aliuliza. "Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Uligeuza shingo tu. Nilikuwa nazungumza na wewe, ukageuza shingo." Alinyoosha kidole kuelekea sakafuni kando ya mashine, pale ilipochorwa chaki. "Na kibaya zaidi alisema kweli. Usiku ule nilikwenda nyumbani nikahesabu, nikaona kasema kweli. Miaka thelathini nawapa watu mtutu mrefu kwa shabaha ya karibu. Kama angekosea ningemcheka, ningemsamehe. Hakukosea. Kila siku wanaingia mlangoni wanasema, Cornelius yupo. Mimi nimekaa hapa mbele yao, wanasema Cornelius yupo."

Alivua ufunguo shingoni akauweka mezani, akausukuma hadi ukingoni kwa upande wa Cornelius. Cornelius aliutazama. Aliipita meza, akachukua pasipoti yake, ufunguo akauacha.

Mzee Hamoud aliandika ripoti palepale, akaisoma kwa sauti ili kila mtu aisikie, pamoja na jina la aliyekata na saa aliyokata: Jumatano, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Ilipelekwa siku ileile. Cornelius hakupandishwa ndege. Baada ya wiki tatu alipata karakana nyingine mtaa wa pili, kwa barua ya kumruhusu ahame, iliyosainiwa na Mzee Marhoon mwenyewe kabla kesi yake haijatajwa. Jaifar alikosa mashindano ya mwaka ule.

Jumatatu jioni Aliya alikuja Sib, peke yake, na sinia ya mkate wa kumimina. Bi Masouda alikuwa kwa jirani. Aliya aliketi chini karibu na cherehani, akasema maneno mengi ya shukrani, na kila neno likawa zito kuliko la kabla yake. Kama si wifi yake, watu wangesema mpaka leo kwamba ni yeye aliyeukata. Jaifar naye asingesema, lakini angefikiri. Nyumba yao ilikuwa na bahati kuwa na macho kama hayo.

Nawar alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Haukuingia. Akaweka sindano chini, akatoa uzi mwingine, ule wenye mafundo matatu, akauweka juu ya goti la Aliya.

"Wifi," alisema, "mimi nilitazama."

"Nini?"

"Jumatano. Mzee aliniuliza nikasema sikutazama. Nilitazama mara mbili. Niliona mfuko umelegea. Nilidhani umeutoa wangu, umeshonesha mwingine kwa fundi wa madukani, kwa sababu wangu ni wa mtu aliyeacha shule. Nikaona umekaa vibaya. Nikafurahi. Ningesema neno moja pale mlangoni, Jaifar asingeaibika na Cornelius asingefunga sanduku."

Aliya hakusogea. Uzi ulikuwa bado gotini kwake.

"Kabla hujaja, nyumbani walikuwa wakisema mimi ndiye nitakayeolewa na Jaifar," Nawar alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba wameacha kusema. Nilijua nilipopewa nguo yako ya harusi niishone."

Alimtazama Aliya usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Niliishona vizuri. Lakini nakuonea wivu, Aliya, tangu siku ile mpaka leo."